Kabla Hujasema Uzazi Umepungua

Mwongozo wa kupima vizazi Ipinda na vijiji vya ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa

Ukitaka kujua kama akina mama wa Ipinda, wilayani Kyela mkoani Mbeya, wanazaa watoto wachache kuliko miaka kumi iliyopita, kila utakayemuuliza atakuelekeza kwenye daftari. Lipo la zahanati, la mtendaji wa kijiji, la vyeti vya kuzaliwa na la mwalimu mkuu. Yote yana majina ya watoto, na kuhesabu majina ni kazi ya mchana mmoja. Shida ni kwamba kila daftari linahesabu kazi ya ofisi iliyolifungua. Zahanati inahesabu waliojifungulia pale, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, inahesabu waliosajiliwa, shule inahesabu walioandikishwa darasa la kwanza. Ofisi ikichapa kazi, daftari linajaa. Ikizembea, linapungua, na akina mama wala hawajabadilisha chochote. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuwaendea wanawake wenyewe, kitongoji kwa kitongoji, na kupata takwimu utakayoweza kuitetea mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Unamfaa mtendaji, muuguzi, mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwanafunzi wa chuo. Hesabu zake ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili, basi.

KWA NINI DAFTARI PEKEE LINAPOTOSHA

Anza na kitabu cha wodi ya wazazi, Kitabu namba 12 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kwa sababu ndicho kinachoaminiwa kuliko vyote. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta watoto 63 katika kila 100 wamezaliwa kwenye kituo cha kutolea huduma. Utafiti wa 2022 ukakuta 81. Sasa chukua kata ambayo watoto 100 huzaliwa kila mwaka bila kuongezeka wala kupungua, ukaipe mwenendo huo wa kitaifa. Kitabu cha wodi kitapanda kutoka 63 hadi 81, ongezeko la karibu asilimia 29, na hakuna hata mtoto mmoja wa ziada aliyezaliwa. Tafiti hizohizo mbili zilionyesha kwamba wastani wa watoto kwa mwanamke Tanzania ulishuka kutoka 5.2 hadi 4.8, na vijijini kutoka 6.0 hadi 5.5. Yaani kitabu cha wodi kinaweza kupanda mwaka hadi mwaka huku uzazi wenyewe ukishuka. Anayekitumia peke yake hatakosea kidogo. Atasema kinyume kabisa cha kilichotokea.

Vyeti vya kuzaliwa navyo vina mtego wao, na Mbeya ni mkoa wa kuutazama kwa makini. Mwaka 2013 ulianza hapa mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, taarifa zikitumwa kwa simu na cheti kikitolewa bila ada. Wazazi waliitika. Mtoto aliyezaliwa 2009 na aliyezaliwa wiki iliyopita wangeweza kupata vyeti siku moja kwenye meza moja. Ukipanga vyeti hivyo kwa tarehe ya kusajiliwa, utaona mlipuko wa watoto ambao haukuwepo. Ukivipanga kwa tarehe ya kuzaliwa umepiga hatua, ila bado hujui ni watoto wangapi hawakuletwa, wala kama wasioletwa ni wengi Ipinda mjini au kwenye vitongoji vinavyozingirwa na maji masika.

Sensa nayo haikwepeki. Wilaya ya Kyela ilikuwa na watu 174,470 mwaka 2002 na 221,490 mwaka 2012, ongezeko la karibu asilimia 27. Wengi wakiona namba kama hizi husema watu wanazaa sana. Huenda, lakini idadi ya watu huongezeka pia vifo vya watoto vikipungua, na huongezeka wageni wakija kufuata kakao, mpunga au biashara ya mpakani Kasumulu. Hupungua vijana wakihamia Mbeya mjini, Tunduma au Dar es Salaam. Angalia na mipaka pia. Takwimu za Mkoa wa Mbeya za kabla ya 2016 zinajumuisha wilaya ambazo sasa ni Mkoa wa Songwe, kwa hiyo kulinganisha Mbeya ya 2010 na Mbeya ya 2022 ni kulinganisha mikoa miwili yenye jina moja.

UNAPIMA NINI HASA

Usigawanye watoto kwa watu wote. Kipimo hicho, vizazi kwa kila watu 1,000, ni rahisi na ndicho husikika redioni, lakini kijijini kinayumba ovyo. Wasichana ishirini wakienda kutafuta kazi mjini, vizazi vitapungua ingawa kila mwanamke aliyebaki anazaa vilevile. Wazee wakiishi muda mrefu zaidi, kiwango kitashuka tena bila uzazi kuguswa. Unachotaka ni vizazi kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, wakiwa wamegawanywa kwa makundi ya miaka mitano, kwa sababu kijiji chenye wanawake wengi wa miaka 25 kitakuwa na watoto wengi kuliko chenye wanawake wengi wa miaka 42 hata kama tabia za uzazi ni zilezile. Ukijumlisha viwango vya makundi hayo unapata idadi ya watoto ambao mwanamke angezaa maishani kama angepita umri wote kwa viwango vya sasa. Ndiyo hiyo 4.8 ya kitaifa.

HATUA KWA HATUA

1. Chora mpaka na usiusogeze. Chagua vijiji vizima, si "eneo la zahanati", maana zahanati huhudumia hata waliovuka mto. Omba ramani kwa mtendaji wa kijiji, tembea mpaka na mwenyekiti wa kitongoji, andika mti, daraja au mfereji unaotenganisha. Kipimo cha pili kitafanyika miaka kadhaa baadaye, pengine na mtu mwingine, kwa mpaka uleule.

2. Pata ruhusa kabla ya karatasi. Barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata. Kama ni utafiti wa kuchapishwa, fuata pia utaratibu wa kibali cha maadili. Majina ya wanawake na historia zao za uzazi ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama unatumia daftari la shilingi elfu moja.

3. Orodhesha kila kaya, kisha kila mwanamke wa miaka 15 hadi 52. Nyumba ya mitala ihesabiwe mke kwa mke, kila mmoja kwenye nyumba anakolala, la sivyo mmoja ataandikwa mara mbili na mwingine atasahaulika. Mwandike anayeishi pale kwa kawaida. Binti aliyerudi kwa mama yake ili ajifungue uzazi wa kwanza ni wa kwake alikoolewa. Aliyeolewa hapa akaenda kujifungulia kwao ni wa hapa. Kosa hili dogo hujirudia sana, na huvipa vizazi vya kwanza kijiji kisicho chao.

4. Muulize kila mwanamke peke yake. Mkamwana hawezi kueleza mimba zake mbele ya baba mkwe, na kwa Wanyakyusa heshima hiyo ina uzito wake. Mume akiwepo, mwombe mwenzako amshike kwa mazungumzo ya shamba. Anayehoji awe mwanamke inapowezekana, aanze kwa salamu na kueleza anachotaka, na akubali kukataliwa.

5. Andika kila mtoto kwa mwezi na mwaka wa kuzaliwa, ukianza na wa kwanza kuja kwa wa mwisho. Omba kadi ya kliniki. Kadi haipo, tumia kalenda ya matukio: shule zilipofungwa kwa korona Machi 2020, uchaguzi wa Oktoba 2020, kifo cha Rais Magufuli Machi 2021, sensa ya Agosti 2022. Ongeza mambo ya hapo kijijini ambayo kila mtu anayakumbuka, kama mafuriko makubwa au mwaka daraja lilipokatika.

6. Chukua vizazi hai vya miezi 36 iliyopita, si 12. Sababu utaiona kwenye hesabu.

KISANDUKU: MASWALI YASIYORUKWA

Ukiuliza tu "una watoto wangapi?" utajibiwa waliopo nyumbani. Uliza hivi, kwa utaratibu huu, na utulie kati ya swali na swali:

– Una wana na mabinti wangapi uliowazaa mwenyewe, wanaoishi hapa nawe?
– Wapo uliowazaa wanaoishi kwingine, kwa bibi, kwa baba yao, shuleni?
– Pole kwa kukuuliza hili: kuna mtoto aliyezaliwa akalia, akapumua au akajitikisa, hata kwa muda mfupi, kisha akafariki?
– Kati ya mtoto huyu na anayemfuata, kuna mwingine uliyemzaa?
– Huyu wa mwisho alizaliwa lini, na tangu hapo hujajifungua tena?

Swali la tatu ndilo linalorukwa na wadadisi wengi kwa kuona haya. Likirukwa, vizazi vinapotea, na vinapotea zaidi kwenye kaya maskini. Mtoto wa ndugu anayelelewa pale asiingie kwenye hesabu ya anayemlea.

HESABU YENYEWE

Mpange kila mwanamke kwa umri aliokuwa nao katikati ya kipindi, yaani miezi 18 kabla ya siku ya mahojiano, katika makundi saba kuanzia 15–19 hadi 45–49. Ndiyo maana uliorodhesha hadi miaka 52. Kwa kila kundi, hesabu wanawake, zidisha kwa 3, kisha gawanya vizazi vyao vya miezi 36 kwa jibu hilo. Chukua mfano huu wa kubuni, vizazi kwa kila wanawake 1,000 kwa mwaka: 120 kwa kundi la kwanza, kisha 230, 220, 190, 140, 65 na 15. Jumla ni 980. Kila kundi lina miaka mitano, kwa hiyo 980 mara 5 ni 4,900, na kwa mwanamke mmoja ni watoto 4.9. Mbinu hii imerahisishwa kidogo kuliko ile ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Si neno, mradi uitumie hiyohiyo mara zote mbili.

Sasa jambo ambalo huangusha ripoti nyingi za vijijini, nalo ni bahati tu ya namba ndogo. Tuseme kata yako ilikuwa na vizazi 120 mwaka juzi na 100 mwaka jana, na wanawake hawakuongezeka wala kupungua. Vimepungua 20, moja ya sita, na mtu atatamani kuandika habari njema au mbaya kutegemea anachokiamini. Ngoja. Jumlisha miaka yote miwili, 220. Kipeuo cha pili chake ni karibu 15. Kizidishe kwa 2, ni 30. Tofauti yako ya 20 iko ndani ya 30, kwa hiyo ingeweza kutokea bila sababu yoyote, kama vile mwaka mmoja unavyoweza kuleta pacha watatu na mwingine usilete hata mmoja. Sasa chukua upungufu uleule kwa kulinganisha miaka mitatu na mitatu: 360 dhidi ya 300. Tofauti ni 60. Jumla ni 660, kipeuo chake karibu 26, mara mbili ni kama 51. Hapo 60 imevuka, na una haki ya kusema kuna kitu. Kanuni hii inafaa pale tu idadi ya wanawake haikubadilika sana. Kama imebadilika, rudi kwenye viwango kwa umri.

Je, wanawake wamekuambia yote? Hili linapimika. William Brass, mtakwimu wa Uskoti aliyewahi kufanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, aliunda njia ya kukagua takwimu za uzazi zenye mapengo kwa kulinganisha mambo mawili ambayo mwanamke huyohuyo amesema: watoto wote aliowahi kuzaa, na vizazi vya karibuni. Kwa viwango vya mfano wetu, mwanamke anayefika miaka 25 angekuwa amezaa 1.75, na walio katika kundi la 25–29 wangekuwa na wastani wa kama 2.3. Ukijumlisha watoto wote ambao wanawake wako wa 25–29 wamewahi kuzaa na kukuta wastani wa 2.9, kuna pengo. Litazame pengo hilo kwenye makundi mengine. Likiwa kubwa tangu kwa wasichana wa 20–24, ambao hawajawahi kuishi kwenye viwango vya zamani, basi vizazi vya karibuni vimeachwa, na dodoso lako au wadadisi wako ndio wenye kasoro. Likiwa halipo kwa vijana na likikua kadiri umri unavyopanda, hiyo ni alama ya uzazi uliopungua kweli, kwa sababu mama wa miaka 45 alizaa nusu ya watoto wake katika zama nyingine.

HOJA UTAKAZOKUTANA NAZO

Wapo watakaosema hii ni kazi ya serikali, tungoje takwimu za taifa. Tafiti za taifa ni nzuri na mwongozo huu umeziegemea, lakini sampuli zake hazikupangwa kujibu swali la kata. Kutoka kwenye kaya chache zilizochaguliwa wilayani Kyela huwezi kutoa wastani wa Ipinda, na ukijaribu, kanuni ya kipeuo hapo juu itakuumbua. Wala si kweli kwamba wanakijiji hawawezi kazi hii. Ng'ambo ya mto Songwe, wilayani Karonga nchini Malawi, kuna eneo la kusini mwa wilaya lenye watu zaidi ya 30,000 ambalo vizazi na vifo vyake vimefuatiliwa tangu 2002 kwa kutumia watu wa kijiji husika wanaoandika kila kinachotokea kwenye kundi lao la nyumba. Tanzania nayo ina maeneo yanayofuatiliwa kwa muda mrefu, Kisesa huko Mwanza tangu 1994 na Ifakara tangu 1996. Kinachohitajika ni nidhamu ya kurudi kwenye nyumba zilezile.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mtu atakuambia: hata ukiona vizazi vimepungua kweli, pengine wanawake hawajapunguza watoto, wameahirisha tu. Ana haki. Sekondari za kata zilienea, na tangu Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Msichana aliyekuwa azae akiwa na miaka 17 akizaa akiwa na 20, kuna miaka mitatu ambayo mtoto wake haonekani popote, na wastani wa kijiji unashuka. Akija kuzaa watano kama mama yake, wastani utapanda tena na waliotangaza mapinduzi wataonekana wamekurupuka. Kwa hiyo usitazame jumla peke yake. Upungufu ukiwa kwa 15–19 tu, andika kwamba uzazi wa kwanza unachelewa. Ukionekana pia kwa 30–34 na 35–39, ambako mwanamke ameshaamua kama anaongeza au anafunga, hapo ndipo unaweza kusema familia zinakuwa ndogo. Ukiwa na historia kamili ya vizazi, angalia pia miezi kati ya mtoto na mtoto: nafasi ikirefuka, hilo ni badiliko la tatu, lenye sababu zake.

Na kuna atakayeuliza unahesabu kwa faida ya nani. Mjibu bila kuzunguka: matundu ya vyoo, madawati na dozi za chanjo vinapangwa kwa watoto wanaotarajiwa, na kata isiyojijua hupangiwa kwa makisio ya wilaya. Usiruhusu orodha yako itumike kumfuatilia mama mmojammoja kuhusu uzazi wa mpango. Siku hiyo ikifika, mara nyingine utakapobisha hodi hutaambiwa ukweli.

KABLA HUJAWASILISHA, KAGUA

☐ Mpaka wa vipimo vyote viwili ni uleule, na vitongoji vilivyogawanywa katikati vimerudishwa pamoja.
☐ Kipindi ni miezi 36 kamili kila upande. Vizazi hutofautiana kwa msimu, usilinganishe masika na kiangazi.
☐ Umri haujarundikana kwenye 20, 25, 30 na 40. Ukirundikana, wadadisi walikisia.
☐ Hakuna rundo la watoto wa miaka mitatu na upungufu wa wa miaka miwili. Mdadisi aliyechoka humsogeza mtoto nje ya kipindi ili aruke maswali.
☐ Nyumba zilizokuwa zimefungwa zimerudiwa. Msimu wa kuvuna mpunga, mchana hukuti mtu, nenda jioni.
☐ Umelinganisha na rekodi za BCG, chanjo ya kifua kikuu, na Kitabu namba 12. Havitafanana na namba yako. Unatafuta maelezo ya tofauti, na maelezo hayo yanaweza kuwa akina mama waliotoka Malawi kujifungulia upande huu au wa kwako waliokwenda Hospitali ya Matema.
☐ Kanuni ya kipeuo imepita.

Ukiwasilisha, toa namba mbili kila mara: ulichopata, na upana ambao bahati peke yake ingeweza kuleta. Mkutano wa kijiji unaelewa jambo hilo vizuri kuliko inavyodhaniwa. Mkulima wa kakao anajua mti mmoja kukosa kuzaa si ugonjwa wa shamba zima. Majina yaondolewe kwenye karatasi za kusambaza. Madodoso, ramani na maelezo ya namna ulivyopanga umri vifungiwe kwenye kabati la ofisi ya kata, na barua ya makabidhiano ivitaje kimoja kimoja, kwa sababu mtendaji atahamishwa kabla ya kipimo cha pili.